Julius Nyerere: mhariri aliyehukumiwa, rais aliyesaini Sheria ya Magazeti

Katika wilaya zote za Simiyu, kuanzia Bariadi na Itilima hadi Maswa, Meatu na Busega, Mwalimu Julius Nyerere anajulikana kama Baba wa Taifa. Watoto wanafundishwa habari za TANU, za uhuru wa 1961 na za Azimio la Arusha. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya kuongoza nchi, Mwalimu alisimama kizimbani kwa sababu ya makala iliyochapwa katika gazeti dogo la chama chake, na mahakama ikamtia hatiani.

Wachache zaidi wanajua kilichofuata. Miaka 18 baada ya hukumu hiyo, kosa la aina ileile liliwekwa katika Sheria mpya ya Magazeti. Aliyeisaini sheria hiyo alikuwa Rais Julius Nyerere.

Makala hii inaeleza maisha ya Mwalimu kwa upande huo mmoja: uhusiano wake na magazeti na redio. Inawahusu wananchi wa Simiyu moja kwa moja, kwa kuwa baadhi ya mambo yaliyotokea yaliwagusa wazee wa huku huku.

Kutoka Butiama hadi Pugu

Nyerere alizaliwa Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, mkoa wa Mara. Ni nchi ya jirani; anayesafiri kutoka Lamadi kwa barabara ya Musoma anaielekea. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo.

Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kama 12. Kutoka hapo alikwenda Tabora, kisha Makerere nchini Uganda kusomea ualimu. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza, akarudi 1952 na kufundisha Pugu, nje ya Dar es Salaam.

Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Machi 1955 aliacha ualimu, kwa sababu kazi ya shule na kazi ya siasa hazikuweza kwenda pamoja tena.

Usukuma wa miaka ya 1950

Wakati huo Simiyu haikuwa mkoa. Bariadi, nchi ya Ntuzu, ilikuwa sehemu ya wilaya ya Maswa, na Maswa ilikuwa ndani ya Jimbo la Ziwa. Watu walikuwa na malalamiko mengi. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha kupunguza mifugo, ikatoza kodi ya ng'ombe na kuweka amri za kulima matuta. Aliyekaidi alipigwa faini.

Wakulima wa pamba nao walilalamikia mizani ya wanunuzi. Mkulima alifika na mzigo wake, mnunuzi akapima, na mkulima hakuwa na njia ya kujua kama kipimo ni cha kweli. Malalamiko hayo ni moja ya sababu zilizowafanya wakulima waanzishe ushirika wao. Mmoja wa waliouongoza alikuwa Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Victoria Federation. Ushirika uliwapa wakulima mizani yao wenyewe.

Kwa upande wa siasa mambo yalikuwa magumu zaidi. Baada ya TANU kuanzishwa, serikali ilikataa kusajili matawi yake Usukumani, na hali hiyo iliendelea hadi 1958. Mtu wa Maswa aliyetaka kujua TANU inasema nini hakuwa na tawi la kwenda kusikiliza. Habari zilifika kwa mdomo, kwa barua na kwa karatasi zilizopitishwa mkono kwa mkono.

Gazeti dogo, kesi kubwa

Mapema mwaka 1957 serikali ilimzuia Nyerere kuhutubia mikutano ya hadhara kwa muda. Kwa kiongozi wa chama cha wananchi, wengi wao wasiojua kusoma, hilo lilikuwa pigo. Njia iliyobaki ilikuwa maandishi.

TANU ilikuwa na jarida lake, Sauti ya TANU. Halikuwa gazeti la kiwandani. Lilichapwa kwa mashine ya kudurufu, kurasa chache tu, na Nyerere mwenyewe ndiye aliyekuwa mhariri wake. Gazeti jingine la Waafrika, Mwafrika, lilikuwa limeanza kutoka Dar es Salaam. Wahariri wake wawili, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, walifungwa jela mwaka 1958 kwa kosa la uchochezi baada ya gazeti lao kuikosoa serikali ya Uingereza.

Mei 1958 Sauti ya TANU ilichapa makala iliyowatuhumu wakuu wa wilaya wawili, Waingereza, kwamba walitumia madaraka yao vibaya dhidi ya wananchi na dhidi ya TANU. Serikali ikamshtaki Nyerere kwa kashfa ya jinai.

Hapa inafaa kueleza. Mtu akikuchafulia jina, unaweza kumfungulia kesi ya madai. Akishindwa, anakulipa fidia. Hiyo ni kesi kati ya watu wawili. Kashfa ya jinai ni kitu kingine. Hapo serikali ndiyo inayoshtaki, polisi ndio wanaopeleleza, na anayeshindwa anaweza kwenda gerezani kama mwizi wa ng'ombe. Aliyekosolewa akiwa ofisa wa serikali, serikali hiyohiyo inakuwa imevaa kofia mbili: ya mlalamikaji na ya mwendesha mashtaka.

Kesi ilianza Dar es Salaam Julai 1958. Nyerere hakumsukumia mtu mwingine lawama. Alikubali kwamba makala ni jukumu lake. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili Mwingereza aliyewahi kumtetea Jomo Kenyatta Kapenguria, akisaidiwa na mawakili wa Dar es Salaam, M. N. Rattansey na K. L. Jhaveri.

Kipindi hichohicho Jimbo la Ziwa lilikuwa limechemka. Watu wa Geita walikuwa wakipinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi waliloletewa bila kuulizwa. Maelfu yao walikwenda Mwanza kulalamika. Kwa hiyo hoja iliyokuwa mahakamani Dar es Salaam, kwamba wakuu wa wilaya hawawasikilizi watu, ilikuwa inaonekana kwa macho kando ya ziwa.

Agosti 1958 mahakama ilimtia Nyerere hatiani. Aliambiwa achague kulipa faini ya pauni 150, yaani shilingi 3,000 za wakati huo, au kwenda jela miezi sita. Uchaguzi wa kwanza wa nchi ulikuwa unaanza mwezi uliofuata. Faini ililipwa, na Nyerere akabaki nje kuongoza kampeni. TANU ilishinda uchaguzi huo uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959.

Uhuru umefika, sheria zimebaki

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka mmoja baadaye Nyerere akawa rais wa jamhuri. Wengi wangetarajia kwamba mtu aliyehukumiwa kwa makala ya gazeti angefuta kwanza sheria zilizomfikisha kizimbani. Haikuwa hivyo.

Katiba ya jamhuri ya 1962 haikuwa na sura ya haki za binadamu ambayo mwananchi angeweza kuipeleka mahakamani. Viongozi walisema nchi ilikuwa changa na maskini, yenye makabila mengi na maadui wa nje, na kwamba serikali isifungwe mikono na kesi. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1965 nchi ikawa rasmi ya chama kimoja. Mwaka 1968 sheria ya magazeti ilirekebishwa ili kumpa rais uwezo wa kufungia gazeti.

Februari 1970 serikali ilitaifisha gazeti la The Standard, lililokuwa mali ya kampuni ya kigeni. Mwalimu aliliandikia mwongozo: litetee ujamaa, lakini liwe huru kumkosoa kiongozi yeyote anayekwenda kinyume na maslahi ya wananchi. Alimteua Frene Ginwala, mwanamke kutoka Afrika Kusini, kuwa mhariri. Mwaka 1971 gazeti hilo lilichapa maoni yaliyoishambulia serikali ya Sudan kwa kuwanyonga wapinzani wake, na Ginwala akaondolewa kazini. Mwaka 1972 The Standard liliunganishwa na The Nationalist la TANU, likazaliwa Daily News. Mhariri wake alikuwa Benjamin Mkapa, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi. Ginwala naye alikuja kuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka.

Ndipo ikaja Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Sheria hiyo ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Iliweka ndani yake kosa la uchochezi, lile lililowapeleka jela wahariri wa Mwafrika, na kosa la kashfa ya jinai, lile lililompeleka Nyerere kizimbani. Mwaka huohuo gazeti la Ngurumo, gazeti la kila siku la Kiswahili la mtu binafsi, lilikoma kutoka. Magazeti ya kila siku yaliyobaki yalikuwa ya chama au ya serikali.

Redio ya upande mmoja

Ili kumtendea haki Mwalimu, ni lazima kueleza pia alichokifanya kuwapa watu habari. Aliamini kwamba mtu asiyejua kusoma ni rahisi kudanganywa. Serikali yake iliendesha kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na magonjwa. Mwaka 1975 ikaja ya Chakula ni Uhai. Mwanza lilianzishwa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu wa Kanda ya Ziwa waliokuwa wamejua kusoma karibuni.

Hiyo ilikuwa kazi kubwa, na matunda yake yanaonekana hadi leo. Lakini habari zilisafiri zaidi upande mmoja. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa sauti ya serikali, na hapakuwa na kituo kingine cha redio Tanzania Bara. Kijiji kilisikia serikali inataka nini. Serikali haikuwa na njia ya uhakika ya kusikia kijiji kinasema nini, isipokuwa kupitia viongozi walewale ambao huenda ndio waliolalamikiwa. Ilikuwa kama pamba kupimwa kwa mizani moja tu, na mwenye mizani ni mnunuzi.

Mwanza na Shinyanga, 1976

Madhara yake yalionekana huku kwetu. Katikati ya miaka ya 1970 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikumbwa na mauaji mengi, yakiwemo ya wazee waliotuhumiwa uchawi. Bariadi na Maswa wakati huo zilikuwa ndani ya Shinyanga. Simiyu ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012.

Serikali iliendesha operesheni ya kuwakamata watuhumiwa. Waliokamatwa walikuwa wengi. Baadhi yao waliteswa mikononi mwa polisi na maofisa wa usalama, na wengine walikufa.

Fikiria hali ya familia iliyokuwa na mtu mahabusu. Ingepeleka wapi malalamiko? Polisi ndio waliokuwa wakilalamikiwa. Chama kilikuwa kimoja. Redio ilikuwa moja, ya serikali. Gazeti la kila siku lisilo la chama wala serikali halikuwepo tena. Sheria ya kashfa na uchochezi ilikuwa mpya mezani.

Habari zilipomfikia Mwalimu na uchunguzi kufanyika, hakuzifunika. Januari 1977 mawaziri wawili, Ali Hassan Mwinyi wa Mambo ya Ndani na Peter Siyovelwa aliyehusika na usalama, walijiuzulu, pamoja na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Baadhi ya maofisa walishtakiwa na kuhukumiwa. Katika Afrika ya miaka ile, waziri kujiuzulu kwa sababu ya vifo vya mahabusu vijijini lilikuwa jambo la nadra sana. Mwinyi, ambaye hakuwatesa watu yeye mwenyewe, aliheshimiwa kwa kubeba dhamana, na mwaka 1985 akawa rais.

Hata hivyo, uwajibikaji huo ulikuja baada ya watu kufa. Hapo ndipo kazi ya chombo huru cha habari inapoonekana. Mwandishi anayeweza kufika kituo cha polisi, kuhesabu waliokamatwa na kutaja waliokufa, anaweza kulifikisha jambo kwa rais baada ya kifo cha kwanza. Amartya Sen, mchumi wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alieleza jambo la aina hiyo kuhusu njaa. Alionyesha kwamba njaa kubwa ya kuua watu wengi haitokei katika nchi yenye uchaguzi wa kweli na magazeti huru, kwa kuwa serikali inasikia mapema na inaogopa kuaibika. China, kati ya 1958 na 1961, ilipoteza mamilioni ya watu kwa njaa wakati taarifa kutoka vijijini zilikuwa zinapambwa ili kuwafurahisha wakubwa.

Mzee mstaafu na magazeti mapya

Nyerere aliacha urais mwaka 1985. Kabla hajaondoka, mwaka 1984, haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba. Ibara ya 18 ikatambua uhuru wa mtu kutoa maoni na kupata habari.

Februari 1990 aliwashangaza wengi alipowaambia waandishi wa habari kwamba kujadili mfumo wa vyama vingi si dhambi wala si uhaini. Mjadala ukafunguka. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikusanya maoni nchi nzima na kupendekeza vyama vingi. Ilitaja pia sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa kwa kukandamiza haki, na Sheria ya Magazeti ya 1976 ilikuwa mojawapo. Vyama vingi vilirudi Julai 1992. Mwaka 1993 sheria iliruhusu redio na televisheni za watu binafsi, na Radio One ikaanza 1994.

Mwalimu sasa alikuwa raia mwenye mambo ya kusema na asiye na serikali mkononi. Alivitumia vyombo vya habari kama wananchi wengine wanavyovihitaji. Machi 1995 aliwaita waandishi katika Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, akaeleza nyufa alizoziona katika nyumba ya taifa: rushwa, udini, ukabila, kutojali Katiba na kutikiswa kwa Muungano. Aliwakosoa viongozi wa chama chake mwenyewe. Maneno yake yalisambaa nchi nzima kupitia magazeti ambayo, miaka 15 nyuma, yasingekuwepo.

Alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Sheria baada ya mwenye nayo kuondoka

Sheria ya 1976 haikufa na Mwalimu. Mwaka 2012 ilitumika kulifungia gazeti la MwanaHALISI kwa muda usiojulikana. Mwaka 2013 ilitumika kulifungia Mwananchi kwa siku 14 na Mtanzania kwa siku 90. Ilifutwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, lakini sheria hiyo mpya nayo ilibeba makosa ya kashfa na uchochezi. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha iliamua kwamba vifungu vyake kadhaa vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge liliirekebisha, na kashfa ikaacha kuwa kosa la jinai chini ya sheria hiyo. Tangu hukumu ya Nyerere ilikuwa imepita miaka 65.

Wanaomtetea Mwalimu husema hakuitumia sheria yake vibaya kama ambavyo angeweza. Tuseme hivyo ni kweli. Sheria haiandikwi kwa ajili ya mtu mmoja. Ikimpa rais mwema uwezo wa kulinyamazisha gazeti, imempa pia kila atakayekuja baada yake. Maisha ya Nyerere yanaonyesha hilo vizuri kuliko ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu alikaa pande zote mbili: alikuwa mhariri kizimbani, na alikuwa rais mwenye kalamu ya kusaini.

Mkulima wa Bariadi anajua kwamba hata mnunuzi mwaminifu lazima mizani yake ikaguliwe na kupigwa muhuri. Ukaguzi huo si tusi kwake. Unamlinda mkulima siku mnunuzi mwingine atakapokuja, na unamlinda mnunuzi mwaminifu asituhumiwe bure. Chombo huru cha habari kinafanya ukaguzi huo kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa ofisi ya mtendaji, kwa halmashauri na kwa Ikulu.

Nacho chombo hicho kinaweza kukosea. Anayechafuliwa jina bado ana haki ya kuomba habari isahihishwe, na ya kufungua kesi ya madai. Tofauti ni kwamba leo, chini ya sheria hiyo, mwandishi akiandika makala kama ile ya Mei 1958 dhidi ya mkuu wa wilaya, hapaswi kwenda gerezani kwa kosa la kashfa. Mkuu huyo wa wilaya anaweza kujibu, au kwenda kudai fidia mahakamani kama raia mwingine yeyote.